Ngwe Mbili za Mama Mdogo

Mama Mdogo,

Shikamoo. Najua umelala chini ya udongo wa Mtinko na marahaba yako haitanifikia, lakini sithubutu kuanza bila shikamoo. Ungesema huyu mtoto chuo kimemharibu.

Barua zote nilizokuandikia kutoka Morogoro nilizianza kama tulivyofundishwa shule ya msingi: mimi ni mzima wa afya, hofu yangu ni kwenu mlio mbali. Leo wa mbali ni wewe, na hofu juu yako sina. Nina habari za kukupa, na nina shukrani ambayo ulipokuwa hai hukuniruhusu kuitoa. Kila nilipoanza tu, ulinikatiza. "Haya, haya, kachote maji." Sasa huwezi kunituma maji, kwa hiyo utanisikiliza mpaka mwisho.

Habari kubwa ni ya Zuhura, kitindamimba wako. Amechaguliwa kwenda chuo kikuu. Siku aliyopata habari alipanda juu ya lile jabali la nyuma ya shule, maana siku hizi kuna simu za mkononi na hapo ndipo zinaposhika mtandao, akanipigia mjini Singida kwa simu ya mwalimu wake. Alikuwa analia. Nikakaa chini nikijua tumepata msiba mwingine. "Dada, nimechaguliwa," akasema, akaendelea kulia. Nikamgombeza kwanza kwa kunitisha, halafu na mimi nikalia. Katika kijiji chetu atakuwa msichana wa pili kuvaa joho, na wa kwanza ni mimi uliyemlimia.

Lakini Jumamosi nilipokwenda nyumbani kumpongeza, nilikuta furaha imeshapoa. Zuhura alikuwa anapepeta mtama bila kuniangalia. Alikuwa anafikiria swali lile lile lililonikosesha usingizi mwaka wangu: akienda, nani atalima? Baba alitangulia kabla yako. Kaka yake Juma yuko Shelui na malori yake na ameoa huko. Nyumbani kwako amebaki Zuhura na wale wajukuu wawili aliokuachia Juma, ambao bado jembe linawazidi urefu. Jembe la nyumba yako sasa ni Zuhura peke yake.

"Nimeamua nisiende," aliniambia. Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayesema chumvi imekwisha.

Mama Mdogo, huko mjini kwenye semina zetu nawasikia wakubwa wakijadili kwa nini vijana wa vijijini hawafiki chuo kikuu. Wanasema ada, siku hizi za kuchangia gharama. Wanasema umbali, uhaba wa walimu, wazazi wasiojua thamani ya elimu. Hilo la mwisho hunikera mpaka nashindwa kumaliza chai yao. Sijamsikia hata mmoja akitaja jembe. Kwetu, mzazi aliyemruhusu mtoto kwenda kusoma amekubali pia kwamba kikundi cha kulima kinaweza kumruka, na ni wazazi wachache duniani wanaoulizwa bei kubwa namna hiyo.

Wewe ulikijua kikundi cha Bibi Mariamu kuliko mimi. Kila nyumba inaleta jembe moja. Mvua za kwanza zikinyesha, akina mama wanakwenda shamba kwa shamba, leo kwako, kesho kwangu. Jioni ya kabla yake Bibi Mariamu anatangulia na mti wake mrefu wa kupimia, anagawa ngwe, kila mmoja kipande chake, zimelala bega kwa bega toka juu ya shamba mpaka chini. Mwenye shamba anapika togwa. Togwa ikifika, kazi imekwisha. Na nyumba ambayo haikuleta jembe kwenye mashamba ya wengine, siku yake ikifika inarukwa. Hakuna matusi wala kelele. Kikundi kinapita mbele ya shamba lake, kinasalimia vizuri, kinakwenda kwa anayefuata. Mvua yetu nayo ni fupi, na mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

Kwa Baba kulikuwa na wake wawili, kwa hiyo nyumba mbili na majembe mawili. La nyumba yako ulilishika wewe. La nyumba ya Mama halikushikwa na Mama tangu alipoanguka na mzigo wa kuni na nyonga yake ikaharibika. Alikuwa anatembea kwa kujivuta, na kuinama ilikuwa haiwezekani. Nilipokuwa sekondari alilima dada Asha. Mwaka niliomaliza kidato cha sita Asha akaolewa Mgori, jembe likawa langu, na msimu ule wa kusubiri majibu nililima mimi. Majibu yalipotoka na nafasi ya chuo ikaja, kila mtu alijua hesabu ilivyokaa. Baba aliwaza kwa siku kadhaa akasema, "Mbona hata ualimu wa msingi unatosha?" Hakuwa mtu mbaya. Aliona ng'ombe wake na mvua yake na nyonga ya mkewe.

Mama aliniambia niende. "Mungu hamtupi mja wake," alisema. Lakini nilimwona jinsi alivyokuwa analipima lile ghala la mtama kwa macho, na mimi nikaazimia kumwambia Bibi Mariamu sitaki chuo, aniweke kwenye hesabu ya msimu.

Siku ya kikao cha kikundi nyumbani kwa Bibi Mariamu hukukaa na wenzako. Ulikaa pembeni ukichambua mboga, kama mtu aliyekuja kwa shughuli nyingine. Nakumbuka vizuri kwa sababu wakati ule wewe na Mama mlikuwa hamsemezani. Ilikuwa ile kesi ya kuku. Uliuanika uwele wako juu ya jabali, kuku wa Mama wakaumaliza, Mama akasema uwele wa kuanikwa bila mlinzi ni chakula cha ndege wote, na tangu siku hiyo mkawa mnazungumza kupitia kwetu watoto. "Halima, mwambie mwenzangu aniazime chungio." Na mwenzako amesimama hapo hapo, anasikia kila neno, anangoja mimi nirudie. Sisi watoto tulichoka kwa kurudia maneno.

Basi Bibi Mariamu akauliza nyumba ya Mama itakuwaje. Nikainua mkono niseme sitakwenda. Kabla sijafungua kinywa, wewe ukasema bila kuacha kuchambua mboga, "Ngwe ya nyumba ile nitalima mimi."

Mama Saidi ndiye aliyecheka wa kwanza, unamjua hakosi neno. "Kwani wewe una mikono minne?"

"Ninayo miwili," ukasema, "lakini naamka mapema."

Watu walianza kusema kwa pamoja. Mmoja akakukumbusha kuwa mtoto wa mke mwenzio ukimbeba atakwenda na asante ya punda ni mateke. Ukasema punda wako mwenyewe alishakupiga mateke sana na bado unampa majani. Bibi Mariamu hakucheka. Aliweka sharti mbele ya wote: togwa ikifika shambani, ngwe zote mbili ziwe zimekwisha. Siku moja ikibaki hata futi, nyumba ya Mama inarukwa. Ukakubali kwa kichwa, ukakusanya mboga zako, ukaondoka.

Nilikufuata njiani nikitaka kukushika miguu. Nikakuuliza kwa nini. Mama Mdogo, sikuwa mtoto wako wa kuzaa, wala hukuwa na maelewano na mama yangu, na kila mtu alijua mgongo wako ulikuwa unakuuma. Uliniangalia kama uliyeulizwa kitu cha kipuuzi. "Kachote maji," ukasema, "jua linazama."

Nimeishi na jibu hilo mpaka leo. Nimeacha kulitafutia maana, ila bado nalipenda.

Nilikwenda Morogoro. Nikasomea kilimo, na hapo ndipo mliponipatia pa kunicheka. Anasomea kilimo na jembe lake linashikwa na mtu mwingine! Ngwe yangu mkaiita "jembe la Morogoro". Mama Saidi akaitungia na wimbo, akina mama wakawa wanalima wakiimba mwenye jembe yuko darasani anajifunza jinsi ya kulishika. Asha aliniimbia wimbo wote nilipokwenda kumtembelea Mgori, tukacheka mpaka mtoto wake akaamka.

Aliyonisimulia Asha baadaye, kama alivyoyasikia kwa Mama Saidi, hayakuwa ya kucheka tu. Alinieleza ulivyokuwa unatoka nyumbani kabla adhana ya alfajiri haijaisha, unafika shambani peke yako, unasimama kwenye ngwe yangu kwanza. Siku zote yangu kwanza. Bibi Mariamu aliwahi kukuuliza kwa nini usianze na yako, ukamjibu ukianza na yako utaifikia ya mtoto ukiwa umechoka, na watu watasema imelimwa kwa kuchoka. Wenzako wakifika jua likiwa limetoka, wanakukuta umemaliza moja umelowa jasho, unanyoosha mgongo, unahamia ya pili na kuanza upya pamoja nao. Nikiwa kwenye maktaba nikisoma juu ya mmomonyoko wa udongo, wewe ulikuwa hivyo.

Na ule mguu. Nilirudi likizo ndefu nikaona kovu jipya juu ya kidole gumba, kama mdomo. Ukasema mwiba. Mwiba gani huo, Mama Mdogo? Asha ndiye aliyefichua: ulijikata na jembe kwenye giza la alfajiri, ukafunga kipande cha kanga, ukamaliza ngwe zote mbili ndipo ukaomba maji ya chumvi. Ulikataa kupumzika kesho yake kwa sababu ya lile sharti. Nilipokwambia nimeshajua, uliniuliza kama huko chuoni wanawafundisha umbea.

Kuna kitu kimoja lazima nikiandike hapa kwa sababu ndicho kinachonifurahisha kuliko vyote. Unakumbuka Desemba ile niliyokuja kwa likizo fupi? Nilifika jioni nikiwa nimeapa kwamba kwa siku zile chache nitalima ngwe yangu mwenyewe, upumzike. Nilikwambia kabisa tulipokuwa tunakula mlenda. Ukaitikia, "Haya." Asubuhi nikachagua jembe ghalani, nikawa napima lipi ni jepesi, Mama akanipigia kelele toka ndani kwamba mchagua jembe si mkulima. Nilipofika shambani wenzetu ndio kwanza wanaingia. Nikaikuta ngwe moja imelimwa safi toka juu mpaka chini, na ya pembeni yake nzima, haijaguswa. Nikasema moyoni, leo Mama Mdogo amepumua, ameanza na yake. Nikaingia kwenye ile nzima kwa nguvu zangu zote. Sikuinua kichwa. Viganja vikatoka malengelenge, yakapasuka, nikaendelea. Nilitaka kukuonyesha kwamba Morogoro haijaninyang'anya mikono.

Nilipofika chini nikakuta umekaa kwenye jiwe, jembe limelala, unaniangalia na kanga umeibana mdomoni. Nilidhani unalia. Kumbe unazuia kicheko.

Kwa mazoea ya miaka yote ulikuwa umeamka, umekwenda, umesimama kwenye ngwe yangu. Ulikuwa umesahau kabisa kwamba nimekuja. Hiyo niliyoikuta imelimwa ilikuwa yangu, na hiyo niliyoimaliza kwa malengelenge yangu ilikuwa yako.

Mama Saidi alikaa chini kwenye udongo kwa kucheka. Bibi Mariamu naye, ambaye meno yake tulikuwa hatuyajui, siku hiyo tuliyaona. Na wewe ukasema, "Leo nimelimiwa!" Ukalirudia neno hilo njiani kwa kila tuliyekutana naye. "Jamani, leo nimelimiwa." Nimefikiria mara nyingi kwamba katika miaka yote hiyo nilikulimia ngwe moja tu, nayo kwa makosa. Namshukuru Mungu kwa makosa yale.

Siku ya joho ulikuja wewe, kwa sababu Mama hakuweza kusafiri na nyonga yake. Ulishuka na tenga la kuku watatu uliotoka nao Singida. Sijui ulidhani Morogoro hakuna kuku. Mmoja alitaga njiani na ukaniletea lile yai, zima, ndani ya mtandio. Ulishika kitambaa cha joho langu kwa vidole, ukalipindua upindo kuangalia ushonaji, ukaniuliza kwa nini wanavalisha watu kitu kizito namna ile na jua lile. Mpiga picha akakwambia, "Mama, sogea karibu na mwanao." Nilitaka kumweleza. Ukanishika mkono ukasogea, ukasema tu, "Mama yake mguu mbovu, mimi nimekuja badala yake." Picha ile iko sebuleni kwangu. Wageni wanasema tumefanana, na mimi huwaacha waseme.

Nilipopata kazi ya kilimo mkoani, wewe ndiwe wa kwanza kuniita Bibi Shamba. Ulisema kwa kejeli, lakini ulikuwa unanyoosha shingo.

Sasa nikusimulie ya baada yako, maana huyajui. Siku ile presha ilipokuangusha kwenye kupepeta alizeti na tukakukimbiza hospitali, mimi nilikuwa bado naamini utainuka ututume maji. Hukuinuka. Tulikurudisha nyumbani, wanaume wakakupeleka makaburini, sisi tukabaki na mikeka. Mama alikaa kwenye mkeka wa mbele, mahali pa ndugu wa damu. Shangazi mmoja akamwambia akae nyuma kidogo kwa sababu ya nyonga, kuna kiti. Mama akamwambia, "Hapa ndipo pangu." Siku zote za matanga hakuondoka hapo.

Ninyi wawili hamkupatana kwa maneno, nijuavyo mimi. Kesi ya kuku haikuhukumiwa. Lakini nilipokuwa chuoni, kumbe kila kikundi kilipokwenda kulima kwako, togwa ya siku yako ilikuwa inapikwa na Mama. Hukumwomba, naye hakutangaza. Asubuhi mtungi ulikutwa mlangoni kwako. Hilo nimelijua kwenye msiba wako, akina mama walipokuwa wanasimuliana jikoni, na nilitoka nje nikalie vizuri.

Kikundi kimepungua. Tangu mambo ya biashara yawe ruksa na wenye viwanda vya mafuta waanze kufuata alizeti mpaka mlangoni, watu wana haraka. Mwenye uwezo anakodi trekta, mwenye uwezo kidogo anaita vibarua, na shamba limelimwa kwa siku moja bila wimbo. Siwalaumu. Mimi mwenyewe ndiye ninayewashauri, ndiyo kazi yangu, na hata shamba la Mama nalikodia trekta, kama ujuavyo. Waliobaki na Bibi Mariamu ni wajane, na wenye mashamba madogo kama la kwako, yaliyojaa mawe ambayo trekta haliyataki. Bibi Mariamu mwenyewe jicho moja limeshafunga, na bado anapima ngwe kwa mti wake wala hakosei.

Kwa hiyo Jumamosi ile, Zuhura aliponiambia haendi, nilimwona mjinga. Nilimwambia, "Kwani mimi nafanya kazi ya nini? Nitamlipa kibarua asimame kwenye ngwe yenu msimu wote. Funga sanduku." Nilijisikia mtu mkubwa. Tukaenda wote kwa Bibi Mariamu, tukawakuta akina mama wa kikundi, na Mama akajivuta nyuma yetu na fimbo yake, sikujua anafuata nini.

Nikaeleza mpango wangu wa kibarua. Bibi Mariamu akafikiri, akasema kikundi hakijawahi kupokea mtu wa kukodi, ila dunia imebadilika, pengine tukubali. Mama Saidi akasema ni sawa tu, pesa nayo ni mkono. Ilikuwa inakwisha vizuri.

Mama akasema toka mlangoni, "Halima. Wewe hukulimiwa na kibarua."

Hakupaza sauti. Alisema kama anavyosema mtu aliyeona umesahau kitu nyumbani.

Halafu akaingia, akashika ukuta, akasema mbele ya wote kwamba ngwe ya nyumba ya mwenzake atailima yeye. Mama, ambaye hawezi kuinama kuokota sindano. Mama Saidi alitaka kucheka nikamwona kinywa kinafunguka, kisha akakifunga, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Bibi Mariamu akamuuliza kwa upole, "Utalimaje, mwanangu?" Mama akasema kwa kukaa. Atakaa chini, atajisogeza. Akasema deni la jembe halilipwi kwa togwa maisha yote.

Zuhura alianza kulia na kusema basi, ndiyo maana haendi, mnaona sasa. Ndipo nilipojua la kufanya, na sikulipata kwenye vitabu. Nilimwambia Bibi Mariamu aandike kichwani mwake kwamba ngwe ile ina majembe mawili, la Mama na la kwangu. Likizo yangu ya mwaka nitaichukua Desemba, na baada ya hapo kila Jumamosi na kila sikukuu nitakuwapo, na siku za katikati ya wiki Mama ataanza mapema awezavyo, na ikibidi nitatoka mjini alfajiri nilime kabla ya kazi. Bibi Mariamu akaniangalia kwa lile jicho moja. Akasema sharti ni lile lile. Nikasema ninalijua.

Zuhura ameondoka, Mama Mdogo. Nilimsindikiza mpaka Manyoni akapanda treni, na wajukuu wako tukawaacha kwa Mama. Nguo zake nyingi ni mitumba ila ni safi na zimenyooshwa, usiwe na wasiwasi. Nilimwambia asome na asiulize habari za ngwe kwenye barua, maana akiuliza nitamwambia akachote maji.

Mvua zimefika mapema mwaka huu. Juzi tulilima kwa Mama Saidi. Mama alikuwa ameshafika kabla yangu, amekaa kwenye udongo na jembe la mpini mfupi, miguu ameinyoosha mbele, analima upande alioufikia, kisha anajisogeza kwa viganja, analima tena. Nguo yake yote ilikuwa nyekundu kwa udongo. Alikuwa amelima kipande kisichozidi upana wa mkeka, na kililimwa vizuri kuliko changu chote. Niliingia chini yake nikaanza. Wameshanitungia wimbo, tena, na safari hii wanasema Bibi Shamba amepatikana shambani, mkamateni asitoroke. Mgongo wangu ulikuwa unawaka. Togwa ilipoonekana inakuja juu ya kichwa cha mtoto wa Mama Saidi, ilikuwa imebaki kama hatua ya mtu mzima, na sijawahi kulima haraka vile maishani. Tulimaliza. Mama akanishika mkono nimnyanyue, na alipokuwa amesimama wima, amechoka hawezi hata kufungua macho vizuri, alisema jina lako. Jina lako lenyewe, si mwenzangu, si yule. Zena. Halafu akaomba togwa.

Nilitaka ulijue hilo.

Mwenyezi Mungu akupe kaburi pana na pumziko ambalo sisi hatukukupa. Siwezi kukuahidi makubwa. Nakuahidi kwamba Zuhura atavaa lile joho zito kwenye jua lile, na kwamba mpaka siku hiyo nyumba yako haitarukwa. Kesho tunalima kwako, na sasa hivi nalala, kwa sababu nataka kufika kabla ya Mama.

Lala salama, Mama Mdogo. Usiamke mapema. Zamu hii ni yetu.

Mwanao,
Halima